Kabla ya kuchapa vyeti, tafuta leseni kwanza

Ndani ya droo yangu kuna cheti chenye herufi za dhahabu, muhuri mwekundu na sahihi mbili. Ni cheti cha hatua ya kwanza ya kozi ya kompyuta niliyosomea mihula mitatu. Mama aliuza ndama na magunia kadhaa ya mahindi kulipa karo ile. Siku niliyokipeleka kwenye ofisi moja kuomba atachimenti, mama wa mapokezi alikigeuza mbele na nyuma, akachukua simu yake, akatafuta jina la chuo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Kisha akanirudishia kwa upole.

"Kijana wangu, hiki chuo hakipo hapa."

Niliacha masomo wiki hiyo hiyo. Watu wakiniuliza kama nilimaliza chuo, nasema la, na wengi hudhani nilichoka au karo iliisha. Sijawahi kuwa na nguvu ya kueleza kwamba hata ningemaliza, ningekuwa nimemaliza kitu ambacho hakikuwepo.

Nakusimulia haya kwa sababu wewe unayesoma uko upande mmoja kati ya pande mbili. Labda unatafuta mahali pa kujifunza kazi ya mkono. Au wewe ndiye mwenye ujuzi, una chumba cha kukodi, na majirani wameanza kukuletea watoto wao "uwafunze kazi". Huku Kitale na kule Bungoma upande huo wa pili umejaa vijana. Saluni ina wanafunzi. Karakana ya kuchomelea ina wanafunzi. Duka la kutengeneza simu lina wanafunzi. Makala haya ni yako hasa, wewe wa upande wa pili. Lakini wa upande wa kwanza usiondoke, utajua maswali ya kuuliza kabla hujalipa hata shilingi moja.

Vyeti tisa vyenye bendera

Blogu bado hailipi kodi ya nyumba, kwa hivyo mimi hushinda saiba moja hapa mjini Kitale nikichapia watu kazi. Barua za kuomba kazi, mikataba ya shamba, matanga, kila kitu. Asubuhi moja aliingia dada mmoja mwenye saluni mtaa wa Matisi. Nilimjua, kwa sababu ndiye humsuka dadangu.

"Kaka, nataka vyeti tisa," akasema. "Weka muhuri wa dhahabu. Weka na bendera ya Kenya ukiweza."

Nikamuuliza vya nini. Akaniambia ana wasichana tisa aliowafunza ususi na urembo kwa miezi minane. Wamelipa karo, wanajua kazi, na sasa wazazi wanataka kuona karatasi.

"Chuo chako kimesajiliwa?"

"Nina kibali cha kaunti. Hicho pale ukutani kwa saluni, si umekiona?"

Nilikuwa nimekiona. Na nikakumbuka ile droo yangu. Dada huyu hakuwa tapeli. Wasichana wake walijua kusuka kuliko wengi waliokaa darasani. Lakini mimi ningebonyeza "print" mara tisa, na watoto tisa wa watu wangeenda mjini na kile nilichoenda nacho mimi. Nikamwambia ukweli: sitachapa, ila kama ana subira, nitamsaidia kuomba leseni, anilipe pole pole. Alikasirika, akaondoka. Baada ya siku tatu akarudi na bahasha ya karatasi zake zote.

Nani hutoa nini

Hapa ndipo wengi hupotelea, kwa sababu tunatupa majina yote kwenye kapu moja. Yatenganishe.

Kibali cha biashara hutolewa na kaunti. Kinakuruhusu kufungua mlango na kutoa huduma. Usajili wa jina la biashara au kampuni hufanywa kupitia eCitizen, na unathibitisha tu kwamba jina hilo ni lako. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachokuruhusu kuendesha chuo.

Ruhusa ya kutoa mafunzo ya kiufundi iko chini ya Sheria ya TVET ya mwaka 2013. Sheria hiyo ndiyo iliyounda mamlaka ya TVETA, ambayo husajili, hukagua na kutoa leseni kwa vyuo vya kiufundi, vya umma na vya kibinafsi. Kuendesha chuo bila leseni ni kosa la kisheria. Sheria hiyo hiyo iliunda baraza la TVET CDACC, linalotayarisha mitaala ya umilisi, kutahini wanafunzi na kuwapa vyeti.

Kuna NITA, inayosimamia mafunzo ya viwandani. Mafundi wengi wa jua kali wanaijua kwa mitihani yake ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. KNEC nayo imetahini kozi za kiufundi kwa miaka mingi. Na kuna KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inayopanga ngazi za vyeti nchini, kumi kwa jumla, ya kumi ikiwa ya uzamifu.

Kwa ufupi, mmoja hukuruhusu kufunza, mwingine hutahini na kutoa cheti. Kazi ya mwenye chuo ni kufunza vizuri, kuwatayarisha wanafunzi na kuwasajili kwa mtihani unaotambuliwa. Nilipomweleza dada hivi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nataka nawe ujiulize: "Kwa hivyo hawa tisa nimewaahidi nini?"

Chagua kozi unazoziweza

Tulianza na orodha ya kozi. Dada alikuwa ameandika tisa: ususi, kucha, vipodozi, kinyozi, ushonaji, upishi, kompyuta, mapambo ya harusi na usimamizi wa hoteli. Nikamuuliza maswali manne kwa kila kozi. Nani atafunza? Kwa vifaa gani? Kwa mtaala upi? Kwenye chumba kipi?

Usimamizi wa hoteli ulianguka kabla ya swali la pili. Upishi ukafuata, kwani jiko lilikuwa moja na lilikuwa la kupikia chai ya wafanyakazi. Tulipomaliza zilikuwa zimebaki mbili: ususi na urembo.

Ukiandika kozi tisa, umejiwekea mzigo wa kuthibitisha tisa. Wakufunzi, vifaa na mitaala huangaliwa kozi kwa kozi. Chuo chenye kozi mbili zilizokamilika kina nguvu kuliko chuo chenye kozi tisa zilizoandikwa vizuri kwenye bango la barabarani. Nyingine utaongeza baadaye ukishasimama.

Angalia pia ngazi. Kwenye mfumo wa sasa, leveli ya 4 ni ile ya fundi, ya 5 ni ya cheti cha ufundi, na ya 6 ni diploma. Kama mkufunzi wako wa pekee ana cheti cha leveli ya 5, usiandike kwamba utafunza diploma. Anayesoma fomu anajua kuhesabu.

Jina moja kila mahali

Hili ni dogo mpaka likurudishe nyumbani. Dada alikuwa amesajili biashara kwa jina moja, mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la marehemu mumewe, akaunti ya benki ilikuwa kwa jina lake la ubatizo, na bango la saluni lilikuwa na jina la nne kabisa. Kwake yeye, wote hao ni mtu mmoja. Kwa anayesoma faili akiwa Nairobi, ni watu wanne.

Kabla hujafungua fomu yoyote mtandaoni, weka karatasi zote mezani: usajili wa biashara, PIN ya KRA, kitambulisho, mkataba wa nyumba, kibali cha kaunti, taarifa ya benki. Soma jina kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Rekebisha yanayotofautiana kwanza. Sisi tulimaliza majuma matatu hapo tu, na nakuhakikishia hayakuwa majuma ya bure.

Halafu usijiite usichokuwa. Sheria inapanga vyuo kwa ngazi, kuanzia vituo vya mafunzo ya ufundi hadi polytechnic za kitaifa kama ile ya hapa Kitale. Vyumba viwili juu ya duka la nafaka ni kituo cha mafunzo, na hakuna aibu katika hilo.

Nyumba ina maswali yake

Mwenye nyumba wa dada ni mzee mwema. Hukubali kodi ikichelewa, na makubaliano yao yote yalikuwa ya mdomo. Huo wema haupakiwi kwenye mtandao. Ilibidi tumwombe mkataba ulioandikwa, wa miaka kadhaa, uliotiwa sahihi mbele ya wakili. Mzee alihofu kwamba tunataka kumnyang'anya ploti. Tulienda kwake mara tatu, ya tatu tukiwa na sukari na majani ya chai, ndipo akakubali.

Nyumba nayo lazima iwe ya kufunzia. Afisa wa afya ya umma huangalia vyoo, maji, taka na hewa. Kwa saluni, fikiria harufu ya dawa za nywele kwenye chumba chenye dirisha moja na wasichana tisa ndani. Fikiria nyaya za umeme zinazopita karibu na sinki. Tulihitaji mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, choo cha wanawake na cha wanaume, na njia ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupita. Saluni ilikuwa na ngazi tatu mlangoni. Fundi wa mtaani alimwaga zege, akatengeneza mteremko kwa siku moja. Dada alikuwa ameishi na ngazi hizo miaka sita bila kuwaza kwamba kuna msichana aliyeshindwa kuingia.

Khocha wa Kanduyi

Habari ikamfikia binamu ya dada kule Bungoma, akanipigia. Kuna mzee anayefunza kuchomelea vyuma karibu na Kanduyi, maombi yake yamerudishwa, njoo utazame. Nikapanda matatu kupitia Kiminini na Webuye.

Vijana pale humwita Khocha, mjomba. Alijifunza kazi Webuye enzi za kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, na kilipofungwa mwaka 2009 akarudi nyumbani na ujuzi wake mikononi. Karakana yake ungeipenda. Nafasi tele, mashine tatu za kuchomelea, grinda, helmeti za kuchomea zimetundikwa kwa mpangilio, na vijana wake hawagusi chuma bila glavu. "Mulembe," akanisalimu, akanionyesha geti la kanisa walilokuwa wakilitengeneza. Viungo vilikuwa laini kama vimepakwa siagi.

Kitale tulikuwa na karatasi bila nafasi. Bungoma walikuwa na nafasi bila karatasi.

Nikaomba kuona faili. Ilikuwa imetayarishwa na mkwewe, kijana mjanja wa kompyuta. Ilikuwa na kurasa zaidi ya mia, sera za kila aina, Kiingereza kizito. Ukurasa wa arobaini hivi ulieleza sheria za kutumia kidimbwi cha kuogelea. Mbele kidogo kulikuwa na ratiba ya basi la chuo linalotoka tawi la Mombasa.

"Khocha, una tawi Mombasa?"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Mkwewe hakucheka. Alikuwa amechukua sera za chuo kingine mtandaoni, akabadilisha jina la mbele peke yake.

Sikiliza vizuri hapa. Anayesoma maombi ya vyuo amesoma mengi, na karatasi za kunakili anazijua. Sera yako ya usalama inaweza kuwa ya ukurasa mmoja: nani anashika ufunguo wa umeme, mwanafunzi akiungua anapelekwa zahanati ipi, nani hulipa, nani huandika tukio kwenye daftari. Ikiwa ni ya kweli, inatosha kuanzia. Tuliketi na Khocha kwenye benchi, akaniambia anavyofanya, nami nikaandika. Sera sita zikatoka kwa siku mbili: usalama, kupokea wanafunzi, karo na kurudisha karo, malalamiko, nidhamu na ulinzi dhidi ya unyanyasaji, na utunzaji wa rekodi. Hiyo ya mwisho usiidharau. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, vitambulisho na namba za simu za wanafunzi wako si vitu vya kuachwa mezani saiba.

Mwalimu naye apimwe

Kikwazo kikubwa cha Khocha kilikuwa yeye mwenyewe. Mkufunzi wa chuo cha kiufundi anatakiwa kusajiliwa na kupewa leseni na TVETA, na ili hilo lifanyike lazima awe na cheti cha kuonyesha. Khocha ana miaka zaidi ya ishirini kazini na cheti cha darasa la nane.

Hapa kuna habari njema kwa wengi wenu. Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, na sera yake ilizinduliwa mwaka 2024. Mtu kama Khocha hupimwa anachokijua kwa kukifanya, kisha hupewa cheti cha kiwango anachostahili. Mitihani ya gredi ya NITA nayo iko wazi kwa fundi ambaye hakukaa darasani. Mzee aliona haya mwanzoni. "Nifanye mtihani na hawa niliowafunza?" Mkewe ndiye aliyemjibu, kwa Kibukusu, na sikutafsiriwa. Ila kesho yake mzee aliniuliza fomu zinapatikana wapi.

Wakati anatafuta cheti chake, aliajiri kijana mmoja mhitimu wa chuo cha kiufundi cha umma kuwa mkufunzi mkuu. Bungoma haina uhaba wa wahitimu kama hao: kuna Sang'alo, kuna Kisiwa, kuna Matili kule Kimilili. Kijana ana karatasi na anajua kuandaa somo. Khocha ana mkono. Wote wawili wana barua za ajira zilizotiwa sahihi, na nakala ziko kwenye faili.

Mtaala na ushahidi

Kwenye mafunzo ya umilisi, mwanafunzi hupimwa kwa anachoweza kufanya. Kwa hivyo mtaala haupaswi kutoka kichwani mwako wala kwa rafiki. Tumia ulioidhinishwa wa kozi yako na ngazi yako, pamoja na viwango vya kazi vinavyoambatana nao. Na kama unataka wanafunzi watahiniwe na CDACC, kuna idhini yake pia ya kuomba. Leseni ya TVETA peke yake haimalizi safari.

Kisha andaa vitu vinavyoonyesha mafunzo yanafanyika: ratiba ya wiki, mpango wa kila somo, daftari la mahudhurio, rekodi ya kazi iliyofunzwa. Kila mwanafunzi awe na faili yake ya ushahidi, yenye picha za kazi alizofanya, tarehe, na maoni ya mkufunzi. Dada wa Matisi alikuwa na picha nyingi za nywele kwenye simu, zote za kutangaza biashara, hakuna hata moja iliyosema nani alisuka. Tukaanza upya.

Kanuni niliyobandika kwa dada ukutani ilikuwa hii: kila sentensi uliyoandika kwenye fomu, uwe na kitu cha kuonyesha. Umeandika una draya nne? Zihesabiwe nne, ziwe na namba, na zote ziwake. Usiazime draya za jirani siku ya ukaguzi. Umeandika una uhusiano na waajiri? Weka barua za saluni au karakana zilizokubali kupokea wanafunzi wako kwa atachimenti, zikiwa na muhuri na namba ya simu inayopatikana.

Jikague kabla hujakaguliwa

Kabla ya kutuma, tulifanya zoezi moja lililotuumiza roho lakini likatusaidia. Nilimwomba mwalimu mstaafu asiyetujua vizuri atembee saluni nzima akiwa na nakala ya maombi mkononi. Kila alichosoma, aliomba aonyeshwe. Alipata mapungufu kumi na manne kwa saa moja. Mtungi wa moto ulikuwa umepitwa na wakati. Mkufunzi wa pili hakujua sera ya malalamiko iko wapi. Mwanafunzi mmoja alipoulizwa anasomea leveli gani, akasema, "Ya kawaida."

Tulirekebisha kumi na moja. Matatu yaliyohitaji pesa ambazo hazikuwepo, tukayaandika wazi pamoja na tarehe ya kuyamaliza na pesa zitakapotoka. Usifiche pengo ambalo mkaguzi ataliona akiingia tu mlangoni. Pengo lenye mpango linaeleweka. Pengo lililofichwa linamfanya atilie shaka hata yale ya kweli.

Pia, kaa mbali na mabroka. Mmoja alimpigia dada akidai ana mtu ndani, leseni itatoka kwa wiki moja, atume pesa kwa namba yake. Maombi hufanywa kwenye mfumo wa TVETA wenyewe, na malipo ya huduma za serikali siku hizi hupitia eCitizen, paybill 222222. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, umeshapata jibu. Fungua akaunti yako mwenyewe, kwa baruapepe yako, na nywila uijue wewe. Nimewaona wenye vyuo ambao mtu wa saiba ndiye anayemiliki akaunti yao. Mimi ni mtu wa saiba, na nakwambia usikubali.

Jioni ya wasichana tisa

Kuna sehemu moja ambayo hakuna fomu inayoiuliza. Dada alilazimika kuwaambia wale tisa ukweli.

Aliwaita jioni moja baada ya wateja kuondoka. Aliwaambia vyeti alivyoahidi havikuwa vya kutambuliwa, na kwamba hakujua, na kwamba alipaswa kujua. Aliwapa njia mbili: arudishe sehemu ya karo kidogo kidogo, au wabaki, aendelee kuwafunza bila malipo huku akiwatafutia mtihani wa kweli. Msichana mmoja alilia. Mwingine alisimama akaondoka, na mamake alikuja kesho yake na maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia. Dada alimlipa, yote, kwa kuuza draya moja mpya.

Saba walibaki. Watano kati yao walisajiliwa kwa mtihani wa NITA wa gredi ya tatu kwenye kituo kinachotambuliwa, na siku ya mtihani dada alifunga saluni akawasindikiza. Nilimtazama akiwagawia mandazi kwenye karatasi ya kaki, nikamwaza mwenye chuo changu. Laiti naye angetuita jioni moja akatuambia.

Tulipofika

Wakaguzi walikuja Matisi. Walikaa nusu siku, walihesabu, waliuliza, waliongea na wanafunzi bila dada kuwepo. Hawakuwa wakali, ila hawakukubali neno bila karatasi. Waliacha orodha ya marekebisho manne, mawili yakiwa yale tuliyokuwa tumeyaandika wenyewe. Dada sasa anamalizia la mwisho, chumba cha pili cha nadharia, na hajapokea mwanafunzi mpya tangu siku ile. Bango lake la zamani lenye kozi tisa ameligeuza, linafunika matofali nyuma ya nyumba.

Khocha ametuma upya maombi yenye kurasa thelathini na mbili. Hayana kidimbwi.

Na wewe unayetafuta chuo, fanya hivi kabla ya kulipa. Ingia tovuti ya TVETA, tafuta jina la chuo kwenye orodha. Hakikisha ni jina lile lile, la mji ule ule. Kisha nenda chuoni uombe kuona leseni, uulize kozi yako hasa imeidhinishwa kwa ngazi gani, na ni nani atakayekutahini. Mwenye chuo wa kweli hatakasirika. Dada wa Matisi ukimuuliza leo, atakwambia, "Bado, subiri," na atakuonyesha orodha yenye jambo moja lililosalia.

Kile cheti changu bado kiko kwenye droo. Nilikipeleka saluni mara moja tu, siku ile dada alikuwa anatafuta maneno ya kuwaambia wasichana. Alikishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ule muhuri mwekundu.

"Kaka, ni kizuri," akasema. "Hiki ndicho nilikuwa nataka uniwekee."